Kwa nini ng'ombe hushiba nyasi kavu na bado hukonda

Kiangazi kikirefuka, wafugaji wa Cherab na Chari huuliza swali lilelile: mbona tumbo la ng'ombe limejaa na mbavu bado zinahesabika? Jibu liko kwenye tumbo la kwanza, kwa vijidudu wanaoishi humo.

Sehemu kubwa ya nyasi ni selulosi, yaani minyororo mirefu ya sukari ya glukosi iliyobanana kama nyuzi za kamba. Nyasi zikizeeka, ligini huigandisha na bua huwa gumu kama kijiti. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na hata ngamia hawana kimeng'enya chao wenyewe cha kukata selulosi. Wanategemea wapangaji: bakteria, protozoa na kuvu.

Kuvu hawa huishi pasipo hewa, jambo ambalo wanasayansi hawakulitarajia mpaka mwaka 1975, Colin Orpin wa Uingereza alipoonyesha kwamba viumbe fulani vinavyoogelea tumboni mwa kondoo, vilivyodhaniwa kuwa protozoa, ni mbegu za kuvu. Mbegu hujishikiza kwenye bua, huota vijizizi na kulipasua kutoka ndani. Hapo vimeng'enya huingia kazini. Cha kwanza hukata mnyororo katikati na kuacha ncha mpya. Cha pili hushika ncha hizo na kumega sukari mbili mbili. Cha tatu hutenganisha zile mbili kuwa glukosi moja moja. Bila cha kwanza, cha pili hukosa pa kushika. Bila cha tatu, jozi za sukari hulundikana na kuvizuia vilivyotangulia. Ni kama vijana waliojipanga kwenye kisima kirefu wakipokezana ndoo: mmoja akiondoka, birika halijai. Glukosi huchachushwa, na asidi zinazotoka humo ndizo nguvu ya mnyama.

Lakini wapangaji nao wanataka protini. Ikishuka chini ya takriban asilimia 7 ya malisho, huzaana polepole, nyasi hukaa tumboni siku nyingi, na mnyama hana nafasi ya kula tena. Kumwongezea nyasi zilezile peke yake hakusaidii sana. Afadhali maganda ya mgunga yaliyookotwa na kuhifadhiwa, au tofali la kulamba la molasi na yurea. Hili la pili litumike kwa maelekezo ya afisa wa mifugo wa wadi, maana yurea ikizidi, au ikiyeyuka kwenye maji ya kunywa, huua ng'ombe haraka. Punda na ndama wadogo wasipewe.

Na marobota yaliyolowa yakaota ukungu? Wengine husema yamelainika. Hapana. Huo ni ukungu wa aina nyingine kabisa, na baadhi yake hutoa sumu ya aflatoksini, ambayo hupita kwa ng'ombe hadi kwenye maziwa ya watoto. Marobota hayo yasilishwe mnyama yeyote.