Picha Ndogo za Kihindi kwa Ukuta wa Nyumba

Hapa Mundika, hata ukifika Busia na Malaba mpakani, nyumba nyingi zimetundikwa kalenda za miaka iliyokwisha pita. Kalenda yafaa kwa tarehe, lakini ukuta wa sebule wastahili heshima zaidi. Kwa mwenye chumba kidogo sioni sanaa ipitayo picha ndogo za Bara Hindi, ambazo nyingi zilichorwa kwa ajili ya vitabu, zipate kushikwa mkononi na kutazamwa kwa karibu.

Mchoraji hubandika karatasi kadhaa pamoja, kisha huzisugua kwa jiwe la akiki hata zing'ae. Brashi yake ni nywele za kindi. Rangi ni nili ya mmea, mawe yaliyosagwa, masizi, na dhahabu yenyewe, zikichanganywa na gundi ya mti.

Wala mtu asidhani kwamba mambo haya hayatuhusu. Mwaka 1621 Mfalme Jahangir aliletewa punda milia kutoka Uhabeshi. Baadhi ya watu walishuku kuwa amepakwa rangi, hata ikabidi mnyama achunguzwe sana! Ustad Mansur akamchora mstari kwa mstari, na picha hiyo sasa imo katika Makumbusho ya Victoria and Albert, London. Tena yuko Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa utumwani, akawa mtawala shupavu katika nchi ya Ahmadnagar hata alipofariki mwaka 1626. Jahangir hakuweza kumtiisha. Basi akachorwa akikipiga mshale kichwa cha adui yake. Hicho kilikuwa kisasi cha karatasi.

Wako watakaosema kuwa hii ni anasa kwa mwenye karo za kulipa. Kwa picha ya mkono nakubali. Lakini chapa yake haina gharama kubwa. Hatari ni kuuziwa chapa kwa bei ya kazi ya mkono. Itazame kwa kioo cha kukuzia: ukiona nukta ndogo ndogo zilizopangwa sawasawa, hiyo ni kazi ya mtambo.

Usiitundike mkabala wa dirisha, maana jua hufifisha rangi, wala karibu na moshi wa jiko. Wakati wa masika kuta hutoa unyevu. Tia vipande viwili vya mbao nyuma ya fremu ili hewa ipite, na kioo kisiguse rangi. Iwe usawa wa macho ya mtu aliyeketi, na watoto nao waiwezee.