Namungo FC

Namungo Football Club, kwa kawaida Namungo FC, ni klabu ya mpira wa miguu ya mjini Ruangwa, mkoani Lindi, kusini mwa Tanzania. Inacheza Ligi Kuu ya Tanzania Bara tangu msimu wa 2019/2020. Mashabiki wake huiita "Wauaji wa Kusini". Ni moja kati ya timu chache za wilayani zilizotoka madaraja ya chini, zikapanda Ligi Kuu na kubaki huko, na katika msimu wake wa pili ilifika hatua ya makundi ya mashindano ya Afrika.

Jina na asili

Namungo ni kijiji cha wilaya ya Ruangwa kinachojulikana kwa uchimbaji mdogo wa dhahabu. Wilaya yenyewe ni ya wakulima wa korosho, ufuta na mbaazi, na wenyeji wake wengi ni Wamwera. Mbali na dhahabu, kuna pia madini ya kinywe. Jina la timu, basi, lilitoka machimboni, halikutoka katika mji mkubwa, jeshi wala kampuni. Jambo hili si dogo. Ukizitazama timu zilizowahi kucheza Ligi Kuu utaona kwamba nyingi zina mwajiri au taasisi nyuma yake: Mtibwa na Kagera ni za viwanda vya sukari, Prisons ni ya Magereza, JKT ni ya Jeshi la Kujenga Taifa, KMC ni ya manispaa. Timu ya kijiji cha wachimbaji haina mahali pa uhakika pa kupatia mishahara mwisho wa mwezi.

Ngazi za ligi

Ili kuelewa safari ya Namungo ni lazima kujua ngazi zenyewe. Timu ya wilayani huanza katika ligi ya wilaya, kisha ligi ya mkoa. Bingwa wa mkoa huenda kwenye Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, ambako wachache hupata nafasi ya kuingia ligi iliyokuwa ikiitwa Ligi Daraja la Pili. Juu yake ilikuwa Ligi Daraja la Kwanza, ambayo tangu msimu wa 2021/2022 inaitwa Championship, na juu kabisa ni Ligi Kuu. Kila ngazi ina mlango wa kupandia na mlango wa kushukia.

Utaratibu huu si wa dunia nzima. Katika besiboli ya Marekani, kwa mfano, timu ya ligi ndogo huwa na mkataba na timu kubwa na kazi yake ni kuilelea wachezaji. Hata ikishinda michezo yote ya mwaka itabaki palepale, wanaopanda ni wachezaji peke yao. Kwa Tanzania inapanda timu nzima, pamoja na uwanja wake, mashabiki wake na madeni yake. Ndiyo maana mji kama Ruangwa unaweza kuwapokea Simba na Yanga kwa mchezo wa ligi.

Kupanda Ligi Kuu

Katika msimu wa 2018/2019 Ligi Daraja la Kwanza ilikuwa na timu 24 katika makundi mawili. Namungo na Polisi Tanzania ndizo zilizopanda moja kwa moja. Pamba ya Mwanza na Geita Gold, zilizolazimika kucheza mechi za mchujo dhidi ya timu za Ligi Kuu, hazikufaulu.

Nyuma ya kupanda huko kulikuwa na juhudi za wachezaji, lakini kulikuwa pia na mtu. Kassim Majaliwa, mbunge wa Ruangwa tangu 2010 na Waziri Mkuu kuanzia Novemba 2015, alijulikana nchini kote kuwa mlezi wa timu. Uwanja wa Ruangwa unaitwa Uwanja wa Majaliwa kwa jina lake. Baadhi ya mashabiki wa Namungo hawapendi jambo hili litajwe, wakiona linawanyang'anya wachezaji sifa yao. Hata hivyo historia ya klabu haiwezi kuandikwa bila kulitaja, na sifa za wachezaji zitaonekana hapa chini.

Msimu wa 2019/2020

Ligi Kuu ya mwaka huo ilikuwa na timu 20, yaani michezo 38 kwa kila timu. Kocha wa Namungo alikuwa Thierry Hitimana kutoka Rwanda. Miongoni mwa wachezaji waliotajwa sana walikuwa Reliants Lusajo, Lucas Kikoti, beki Edward Manyama na mshambuliaji Bigirimana Blaise kutoka Burundi. Ligi ilisimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ikarejea mwezi Juni. Ilipomalizika, Namungo ilikuwa ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam tu.

Tarehe 8 Julai 2020 Simba, iliyokwisha kuwa bingwa, ilicheza na Namungo Ruangwa na kukabidhiwa kombe lake hapohapo. Mchezo ulimalizika bila bao. Sherehe ilikuwa ya wageni, lakini bingwa wa nchi alikuwa amekuja hadi Ruangwa kulichukua kombe, na wenyeji hawakufungwa.

Katika Kombe la Shirikisho la TFF, Namungo iliitoa Sahare All Stars ya Tanga katika nusu fainali. Fainali ilichezwa 2 Agosti 2020 katika Uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga. Simba ilishinda 2-1 kwa mabao ya Luis Miquissone na John Bocco, na bao la Namungo lilifungwa na Manyama. Kushindwa huko kulikuwa na faida yake. Kwa kuwa Simba ilikuwa na tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika kama bingwa wa ligi, nafasi ya Kombe la Shirikisho la Afrika ilikwenda kwa aliyeshindwa fainali. Kwa sababu hiyohiyo Namungo ilicheza Ngao ya Jamii mjini Arusha tarehe 30 Agosti, ikafungwa na Simba 2-0.

Kombe la Shirikisho la Afrika 2020/2021

Namungo ilianza kwa kuifunga Al Rabita ya Sudan Kusini 3-0 na kusonga mbele, kisha ikaitoa Al Hilal ya Obeid, Sudan. Wakati huo Hitimana alikwisha kuondoka na timu ilikuwa chini ya Hemed Suleiman "Morocco", ambaye baadaye aliifundisha timu ya taifa, Taifa Stars.

Mchujo wa mwisho kabla ya makundi ulikuwa dhidi ya Primeiro de Agosto ya Angola, na hapo mambo yakawa magumu. Timu iliposafiri kwenda Luanda Februari 2021, baadhi ya watu katika msafara walipimwa wakakutwa na korona, na mchezo haukufanyika. CAF iliamua michezo yote miwili ichezwe Dar es Salaam. Wa kwanza Namungo ilishinda 6-2. Wa pili ilifungwa 3-1, ikapita kwa jumla ya mabao 7-5.

Katika kundi ilipangwa na Raja Casablanca ya Morocco, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia. Ilifungwa michezo yote sita na haikupata bao hata moja. Matokeo haya hutumiwa na watani kuicheka, ila ikumbukwe kwamba miaka miwili kabla timu hii ilikuwa Daraja la Kwanza, na kwamba Raja ndiyo iliyotwaa kombe hilo mwaka huohuo.

Uwanja na safari

Michezo ya nyumbani ya Afrika ilichezwa Dar es Salaam, kwa hiyo watu wa Ruangwa waliifuatilia timu yao kwa redio na runinga. Hata katika ligi timu imewahi kuhamia Uwanja wa Ilulu mjini Lindi. Huko, Novemba 2021, ilitoka sare ya 1-1 na Yanga, katika msimu ambao Yanga ilichukua ubingwa bila kufungwa. Kwa watu wa mwambao Ilulu ni karibu. Anayetoka Sudi hutokea barabara kuu ya Mtwara na kufika Lindi bila taabu kubwa, lakini akienda Ruangwa hukata Mnazi Mmoja, akapita Mtama na Nyangao hadi Nanganga, ndipo aiache barabara ya Masasi. Timu ilipopanda, kipande cha Nanganga hadi Ruangwa kilikuwa bado cha vumbi.

Timu yenyewe husafiri zaidi. Kucheza na Kagera Sugar kulimaanisha kwenda Bukoba, kona ya pili ya nchi, na kurudi. Gharama za namna hii zimezishinda klabu nyingi. Ndanda FC ya Mtwara, jirani na mtani wa Namungo, ilipanda 2014 na kushuka 2020. Singida United, nayo ikiwa na mwanasiasa wa kitaifa nyuma yake, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho 2018 na ikashuka miaka miwili baadaye. Mkataba wa haki za matangazo wa Mei 2021 kati ya TFF na Azam Media, wa miaka 10 na shilingi bilioni 225.6, umezipunguzia timu ndogo mzigo, ingawa haukuuondoa.

Baada ya Ndanda kushuka, Namungo ilibaki timu pekee ya mikoa ya Lindi na Mtwara katika Ligi Kuu, na ilikuwa hivyo hadi msimu wa 2024/2025. Majaliwa hakugombea ubunge katika uchaguzi wa 2025, na muda wake wa uwaziri mkuu ulimalizika Novemba mwaka huo.