Kaze: Mji wa Wageni na Habari ya Ziwa Letu

Watoto wetu hapa Nyegezi husoma shuleni ya kuwa ziwa hili lilivumbuliwa na Mwingereza Speke, tarehe 3 Agosti 1858. Hiyo ni nusu ya habari. Kabla hajaliona, yeye na mwenziwe Burton walikwisha kusimuliwa habari zake katika Kaze, mji mdogo uliokuwa mahali pa Tabora ya leo.

Kaze uliasisiwa katika nchi ya Wanyamwezi yapata mwaka 1852. Waasisi wake walikuwa wageni: Waarabu wa asili ya Omani waliotoka Unguja, na pamoja nao Mhindi aitwaye Musa Mzuri. Walijenga matembe, nyumba za udongo zenye mapaa bapa. Burton na Speke walipowasili Novemba 1857, Sheikh Snay bin Amir aliwapokea kwa ukarimu, akawaeleza kwamba kaskazini liko ziwa kubwa kuliko Tanganyika.

Leo mtalii huonyeshwa tembe la Livingstone huko Kwihara, karibu na Tabora, alikokaa mwaka 1872. Ni wachache waulizao jina la wenyeji wake.

Walakini tusijisifu. Misafara iliyopita Kaze ilichukua pembe za ndovu, na watumwa pia. Nasi tumeamrishwa katika Qur'ani kushuhudia haki, ijapokuwa juu ya nafsi zetu. Basi, enyi wazazi, wasimulieni watoto yote mawili: ukarimu wa Sheikh Snay, na minyororo iliyopita katika mji wake.