Nguvu ya Dawa na Kipimo cha Maji

Mtoto wako wa sekondari akileta nyumbani hesabu ya kemia, C1 × V1 = C2 × V2, usiseme ni mambo ya shule tu. Kipindupindu kilipopiga Lubumbashi na Likasi mwaka 2008, hesabu hiyo ilihitajiwa kwa kila ndoo ya kunawia iliyowekwa mlangoni pa wagonjwa.

Maana yake ni hii. Ukiongeza maji, dawa iliyomo haizidi wala haipungui. Inatawanyika tu, kama chumvi katika chungu kikubwa. Basi nguvu ya kwanza mara kipimo cha kwanza ni sawa na nguvu ya pili mara kipimo cha pili.

Haya, tufanye pamoja. Chupa yako ya javeli ina klori 5 kwa mia. Sakafu na kitanda cha mwenye kipindupindu vinataka 0.2 kwa mia, na ndoo ni ya lita 10. Zidisha 0.2 kwa 10, unapata 2. Gawanya kwa 5: lita 0.4. Tia javeli hiyo, kisha jaza maji baridi mpaka alama ya lita 10. Wengi humimina lita 10 nzima za maji juu yake, na dawa inalegea. Mikono inataka 0.05, yaani robo ya nguvu ile: chukua lita 1 ya ndoo hiyo, ongeza lita 3 za maji.

Lakini soma chupa kwanza! Nyingine zimeandikwa digri 12. Hiyo ni karibu gramu 38 za klori katika lita, au 3.8 kwa mia, na ndoo ileile itataka zaidi kidogo ya nusu lita. Unga wa klori wa 70 kwa mia, gramu 29 zatosha, karibu vijiko viwili vya mezani. Ile javeli ya sokoni iliyomiminwa katika chupa ya limonade bila karatasi, mimi siwezi kukuhesabia. Tena mtoto ataidhani kinywaji.

Usichanganye javeli na siki, limau wala mkojo, maana hutoa hewa yenye sumu. Iweke mbali na jua. Ndoo ya jana imwage, utengeneze nyingine asubuhi.