Kujaza au Kutia? Oili ya Gia katika Trekta Kongwe la Bustani

Utangulizi

Huenda msomaji wa jarida hili akastaajabu kukuta humu makala kuhusu giaboksi. Tumezoea kurasa hizi zishughulikie riwaya, ushairi na mofolojia. Hata hivyo, makala haya yamezaliwa na kosa la tafsiri, na kosa lenyewe ni langu.

Mjomba wangu anaishi katika jimbo la Indiana, Marekani. Analo trekta dogo la bustani aina ya Wheel Horse, lililoundwa katika miaka ya 1970, ambalo hukatia nyasi wakati wa kiangazi na kusukumia theluji wakati wa baridi. Safari moja ilimtoa nyumbani kabla hajabadilisha oili ya gia, akaiacha kazi hiyo mikononi mwa kijana wa Kikongo anayekimudu Kiswahili kuliko Kiingereza. Akanipigia simu. "Mpwa wangu, si wewe ndiwe msomi wa Kiswahili? Hebu mtafsirie ukurasa huu mmoja." Nami nikautafsiri kwa ufupi niliouonea fahari: fungua kizibo cha chini, mwaga oili ya zamani, fungua kizibo cha juu, jaza oili mpya, funga.

Kijana akatii. Akajaza mpaka oili ikaonekana shingoni mwa tundu. Siku ya tatu trekta lilikataa kusimama mtelemkoni. Hakuna aliyeumia ila ua wa jirani. Tangu hapo nimejibidiisha kuielewa kazi ambayo niliitafsiri bila kuifahamu, na nia ya makala haya ni kuieleza kama nilivyopaswa kuieleza siku ile.

Chombo chenyewe

Matrekta ya Wheel Horse asili yake ni mji wa South Bend, katika jimbo hilohilo la Indiana, ambako familia ya Pond ilianza kuyaunda baada ya Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1974 kampuni iliangukia mikononi mwa American Motors, na mwaka 1986 ikanunuliwa na Toro. Si trekta la kulimia mashamba ya ngano; ni la uani, na kimo chake hakizidi sana kile cha meza. Injini hukaa mbele, na nguvu zake husafirishwa kwa mkanda wa mpira hadi kwenye giaboksi iliyo nyuma, chini ya kiti.

Giaboksi hiyo ndiyo kiini cha mazungumzo yetu. Katika kasha moja la chuma zimo gia zote za mwendo (katika aina ya kasi nane, sita ni za kwenda mbele na mbili za kurudi nyuma), pamoja na difu na mihimili inayozungusha magurudumu. Vyote hivyo huoga katika oili moja. Hakuna pampu. Gia za chini huchovya meno yao katika kidimbwi cha oili, nazo zinapozunguka huirusha juu na kuwanyweshea wenzao. Kwa hiyo kidimbwi kikipungua mno, walio juu hukauka. Kikizidi, gia huipigapiga oili hadi ikatoa povu, na povu, kwa kuwa nusu yake ni hewa, halilindi chuma ipasavyo.

Isitoshe, oili hutanuka ipatapo joto na huhitaji nafasi ya kutanukia. Ikiikosa, husukuma sili, yaani zile pete za mpira zinazozuia kuvuja pale mihimili inapotokeza nje ya kasha. Mmoja wa mihimili hiyo hubeba dramu ya breki. Sili yake iliposalimu amri, oili iliteremka juu ya dramu na mkanda wa breki. Naam, hivyo ndivyo neno langu moja lilivyolinyima trekta breki.

Kumwaga ya zamani

Oili baridi ni nzito, na ikimwagwa hivyo huacha uchafu sakafuni mwa kasha. Ndiyo maana trekta huendeshwa kwanza kwa dakika kumi au zaidi, kisha huegeshwa mahali tambarare, injini ikazimwa, waya wa plagi ukachomolewa na magurudumu yakawekewa magogo. Utambarare huo si urembo: trekta likiinama, kipimo kitasema uongo.

Hapa kuna hekima ya mafundi ambayo tafsiri yangu iliipindua. Kizibo cha juu hufunguliwa kabla ya kile cha chini. Vizibo vya miaka hamsini hushikwa na kutu. Ukitangulia kumwaga, kisha kizibo cha juu kikakataa kulegea, utabaki na giaboksi tupu usiyoweza kuitilia kitu.

Oili inapotoka, itazamwe kwa makini. Ikiwa nyeusi, hiyo ni dalili ya umri tu. Vumbi laini la chuma linalometameta si la kutisha, lakini vipande vinavyoshikika kwa vidole ni habari nyingine, na haifai kuendelea kabla ya kufungua kasha. Ikifanana na chai ya maziwa, imeingiwa na maji. Katika matrekta haya maji hupenyea hasa penye mkono wa gia, ambapo kifuniko cha mpira hukauka na kupasuka, mvua ikapata mlango. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko oili, hutuama chini na kula chuma kimyakimya. Katika nchi ya baridi kali kama Indiana huweza hata kuganda, gia zikakwama au kasha likapata ufa. Gia nyingi za giaboksi hizi hazitengenezwi tena. Aliyeharibikiwa hulazimika kutafuta trekta jingine lililokufa ili apate viungo vyake. Kwa hiyo, kutia oili mpya bila kubadilisha kifuniko kilichopasuka ni kupoteza pesa.

Palipo na maji, baadhi ya mafundi hutia dizeli kidogo, wakazungusha gia taratibu bila kulibebesha trekta mzigo, kisha wakaimwaga na kuliacha kasha lichuruzike usiku kucha. Nami naona kuacha lichuruzike usiku kucha ni jambo jema hata pasipo na maji.

Kutia mpya

Oili inayotakiwa ni ya gia, ya uzito wa SAE 90; siku hizi 80W-90 hushika nafasi yake. Nambari hizi huwapotosha wengi. Mtu akiona 90 hudhani ni nzito maradufu kuliko oili ya injini ya 40, ilhali vipimo viwili hivi ni tofauti: oili ya gia ya 90 inakaribiana kwa uzito na oili ya injini ya 40 au 50. Alama za GL-4 na GL-5, zinazotoka katika Taasisi ya Petroli ya Marekani, hazihusu uzito bali nguvu ya kuhimili msukumo wa jino juu ya jino. GL-5 ina dawa nyingi zaidi zenye salfa, na yapo mabishano ya muda mrefu kuhusu athari zake kwa bushi za shaba. Asiye na uhakika na afuate kijitabu cha trekta lake badala ya mabishano hayo.

Giaboksi ya kasi nane hupokea takriban kwati mbili za Kimarekani, yaani karibu lita 1.9. Lakini kiasi hicho ni cha kununulia dukani, si cha kumiminia. Daima hubaki oili ya zamani pembeni mwa kasha, na ukiongeza kiasi chote bila kupima utazidisha. Rejeo la mwisho ni kiwango: alama kwenye kijiti cha kupimia, au, penye giaboksi isiyo na kijiti, tundu la ubavuni ambalo oili huanza kudondoka kutoka humo ifikapo usawa wake. Oili humiminwa polepole kwa faneli, ikasubiriwa dakika kadhaa ishuke, kisha hupimwa, ikaongezwa kidogo, ikapimwa tena.

Hapa ndipo penye kiini cha kosa langu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba jaza ni kauli ya kutendesha ya jaa. Anayejaza husababisha kitu kijae, na kitu kilichojaa hakina nafasi. Ni kweli kwamba twajaza fomu na hakuna kinachofurika, na tunapomwomba Mungu amjaze mtu heri hatuogopi sili kupasuka. Lakini mbele ya tundu na chupa ya oili, maana ya msingi hurejea kwa nguvu zote. Kijana yule alisoma Kiswahili vizuri kuliko nilivyokiandika.

Mjomba aliporudi, alimwaga oili iliyozidi, akaisafisha dramu na kubadilisha sili na mkanda wa breki. Oili chafu aliipeleka kwenye kituo cha kukusanyia, haimwagwi ardhini. Nami nikamtumia kijana sentensi mpya: "Tia oili kidogo kidogo, huku ukipima, mpaka ifike kwenye alama ya juu ya kijiti, wala usiipitishe, endesha trekta dakika tano, lizime, subiri, kisha pima tena." Ni ndefu mara nane kuliko ile ya kwanza. Aliijibu kwa picha ya kijiti, oili ikiwa imekomea kwenye alama.