Mashine Zilizotangulia Maji

Februari 2015 serikali ya Kenya ilitia saini mikataba ya kukodi vifaa vya kisasa vya matibabu kwa miaka 7. Vilikusudiwa hospitali 98: mbili katika kila kaunti, na nne za rufaa za kitaifa. Gharama ya awali ilitajwa kuwa shilingi bilioni 38. Kampuni zingeleta mashine, zizifunge, zizitengeneze zikiharibika na kuwafunza wahudumu, nayo serikali ilipe kwa awamu. Wazo hilo naliunga mkono hata leo. Hospitali ngapi zina mashine ya eksirei iliyofunikwa shuka miaka nenda miaka rudi kwa kukosa kipuri kimoja?

Kasoro ilikuwa kwa waliopanga. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti hospitali hizo, isipokuwa zile nne za rufaa za kitaifa, lakini orodha ya vifaa iliandikwa Nairobi, na fedha zikakatwa kwenye mgao wa kaunti: milioni 95 kwa mwaka, baadaye milioni 200. Kaunti kubwa na ndogo zilikatwa sawa. Magavana walikataa kutia saini, kisha wakakubali. Kamati ya Seneti iliyotoa ripoti yake mwaka 2020 ilikuta vifaa vimelala katika hospitali zisizo na umeme wa kutosha, maji wala wataalamu.

Tazama mashine ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Kikao kimoja cha saa nne hutumia takriban lita 120 za maji yaliyosafishwa, na mtambo wa kuyasafisha nao humwaga sehemu kubwa ya maji unayopokea. Stima isikatike. Na lazima awepo muuguzi aliyesomea kazi hiyo, si aliyeazimwa wodi ya jirani. Palipokuwa na hayo yote, mradi uliokoa maisha: mgonjwa aliyekuwa akilazimika kusafiri hadi Nairobi au Eldoret alitibiwa karibu na kwao, na bima ya afya ya taifa, NHIF, ikamlipia vikao viwili kwa wiki. Mashine ni zilezile, mkataba ni uleule.

Mpango uliofuata hulipa kwa huduma iliyotolewa, na hilo ni jema, kwa kuwa mashine iliyolala haimlipi mwenyewe. Lakini nani ataulizwa kabla haijaletwa? Mimi ningemwita muuguzi msimamizi wa wodi na fundi wa maji wa hospitali, wasikilizwe kabla mawakili hawajaanza kuandika.