Jinsi nyaya nyembamba zinavyoongoza atomu

Januari 23, 2017, roketi ya utafiti ya Ujerumani, MAIUS-1, ilirushwa kutoka kituo cha Esrange karibu na Kiruna, kaskazini mwa Sweden. Kwa takriban dakika sita ilielea bila uzito. Ndani yake, chipu yenye nyaya nyembamba ilinasa wingu la atomu za rubidi bila kuzigusa.

Atomu hunaswaje bila kuguswa? Kwanza hupunguzwa mwendo. Katika joto la kawaida, atomu hizo hukimbia mamia ya mita kwa sekunde. Miale ya leza huzielekea kutoka kila upande, na kila chembe ya mwanga huzisukuma kidogo kinyume cha mwendo wao. Kwa kuwa joto la gesi ni mwendo wa atomu zake, gesi hiyo hupoa hadi kukaribia nyuzi 273 chini ya sifuri. Utafiti huo uliwapatia Steven Chu, Claude Cohen-Tannoudji na William Phillips Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1997.

Kisha kazi huachiwa waya. Umeme unapopita ndani ya waya, nguvu za sumaku huuzunguka. Wataalamu huongeza nguvu nyingine ya sumaku kutoka nje. Upande mmoja wa waya, nguvu hizo mbili hukinzana na kufutana, na hapo hubaki kitu mfano wa mfereji. Atomu, ambazo kila moja ni kama sumaku ndogo, zikiandaliwa ipasavyo hukimbilia palipo na nguvu hafifu. Waya ukikunja kona, nazo huufuata.

Kadiri waya unavyokuwa mwembamba, ndivyo atomu zinavyoweza kuukaribia na kubanwa barabara kwa umeme kidogo. Mitambo iliyojaza chumba kizima sasa inaweza kupunguzwa ikatosha ndani ya roketi.

Manufaa yake yanahusu hata maji. Atomu baridi zinapoachiwa zianguke, hudhihirisha tofauti ndogo mno za mvutano wa dunia, na maji ya chini ya ardhi yanapopungua, mvutano wa eneo hilo hupungua pia. Kifaa cha aina hiyo kikiwekwa kwenye setilaiti, ukame uliojificha ardhini ungeweza kupimwa kwa usahihi zaidi.

Hata hivyo, kikwazo kipo. Waya wenye kasoro ndogo tu kingoni huyumbisha nguvu ya sumaku, na wingu la atomu lililo karibu nao hukatika vipande vipande.